Twendeni Mlimani Barafu Ingalipo

Najua unakimbilia ukurasa wa vichekesho, lakini nipe dakika chache tu. Nina neno lililonikaa kooni tangu muhula wa pili, siku ile wanachama wa Chama cha Kiswahili tulipopiga kura kuhusu safari ya mwaka. Mombasa ilipata kura thelathini na moja. Mlima Kenya ulipata tatu. Wenye kura hizo tatu nawajua vizuri, maana mimi ni mmoja wao. Zingekuwa nne, lakini hilo nitalifikia.

Siandiki kwa kinyongo. Asiyekubali kushindwa si mshindani, nami nimekubali. Mombasa ni pazuri, na mwanachama yeyote wa chama hiki anapaswa kusikia Kiswahili kikizungumzwa na wenyewe. Lakini Wareno walianza kuijenga Fort Jesus mwaka wa 1593 na ingali imesimama. Wadogo zetu wataikuta, na watoto wao pia. Jambo ninalolitetea mimi halitangoja. Ndiyo maana nikamwomba mhariri nafasi hii, naye akanipa kwa sharti moja: nisimtukane mtu.

Wacha nianzie mwanzo. Mwaka jana, mwezi wa Januari, sisi marafiki wanne tulipanda Kilimambogo. Mlima huu hauhitaji kuelezwa kwa mtu wa Ngoliba. Ukitoka nje ya lango la shule unauona umelala ng'ambo ya mto Athi kama ng'ombe aliyeshiba. Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Wazee wa Kikuyu huuita Kianjahi. Sisi tunauita kwa jina la mbogo, na mbogo kweli wamo, ndiyo sababu tulipanda pamoja na askari wa wanyamapori mwenye bunduki begani. Tulianza kukiwa na umande, na saa mbili na robo tulikuwa kileleni, mita 2,145 juu ya usawa wa bahari, tukihema kama mbwa wa mawindo.

Hapo ndipo tulipouona. Upande wa kaskazini, juu kabisa ya ukungu, vilisimama vidole viwili vyeusi, na katikati yake weupe kidogo, kama chumvi iliyomwagika mezani. Hakuna aliyesema kitu. Kisha rafiki yetu mmoja, golikipa wa timu ya shule, akauliza, "Hiyo ni theluji ama ni wingu?"

Askari akacheka. Akatuonyesha na upande wa kusini, akasema siku ya bahati hata Kilimanjaro huonekana kutoka hapo. Sisi hatukuiona. Tuliona vumbi la Ukambani tu.

Tafadhali msimcheke golikipa. Swali lake liliwahi kuwasumbua wasomi wakubwa wa Ulaya. Mmisionari Johannes Rebmann alipoiona Kilimanjaro mwezi wa Mei 1848, aliuliza kile cheupe ni nini, na kiongozi wake hakuwa na jina la kukiita ila "baridi". Mwaka uliofuata mwenzake, Ludwig Krapf, akauona Mlima Kenya akiwa Kitui. Wakaandika habari hizo, zikafika London, na mabwana waliokuwa wamekaa karibu na moto wakasema haiwezekani, theluji haiwezi kukaa chini ya jua la ikweta, labda hao wamisionari walikuwa na homa. Ubishi ulikwenda miaka. Walioishi chini ya mlima hawakuulizwa.

Basi pale juu ya Kilimambogo tuliapa, kwa utani kwanza, halafu si kwa utani tena, kwamba sisi wanne tutapanda Mlima Kenya mpaka Lenana, kile kilele cha tatu ambacho mtu anaweza kukifikia kwa miguu yake bila kamba. Tulipeana mikono. Tukashuka tukiimba.

Sasa, wengine wenu mtakumbuka fujo iliyofuata wiki ile, fujo ya picha. Jirani yangu wa dawati aliokota maktabani gazeti kuukuu lenye picha ya watu wanne wakipanda mlima mweupe, mmoja nyuma ya mwingine, wamefungwa kamba, na kila mmoja ana mbao mbili ndefu miguuni. Darasa zima likaangua kicheko. "Wanateleza kwenda juu?" mmoja akauliza. "Hawa wazungu wamechoka na maisha!" Mwalimu wa jiografia alipoingia alitukuta tumemzunguka mwenye gazeti kama nzi kwenye maziwa.

Nilikwenda kuuliza na kusoma, kwa sababu swali lile lilikuwa la haki. Mtu atatelezaje kwenda juu? Jibu lenyewe lilinifurahisha kuliko picha. Chini ya kila ubao hubandikwa ukanda wenye nywele fupi. Zamani ulikuwa ngozi ya sili, yule mnyama wa bahari za baridi. Nywele zimelala upande mmoja. Ubao ukisukumwa mbele, nywele zinalala na ubao unapita. Ukitaka kurudi nyuma, nywele zinasimama na kukwama thelujini. Pitisha kiganja chako mgongoni mwa paka kutoka kichwani hadi mkiani, halafu kinyume chake, utanielewa (na paka atakueleza kilichobaki). Kisigino cha kiatu huachwa huru wakati wa kupanda ili mguu ukunjike. Wakifika kileleni wanabandua ukanda, wanafunga visigino, na kuteremka kwa dakika chache njia waliyoipanda kwa saa nyingi. Kamba ni kwa sababu ya nyufa. Barafu ya mlimani si sakafu; inatembea polepole kuelekea bondeni, na inapopinda hupasuka, na theluji mpya hufunika mdomo wa ufa. Mmoja akitumbukia, wenzake wanamzuia. Kwa hiyo mchezo huu hauchezwi na mtu mmoja. Unachagua marafiki kwanza, halafu mlima.

Mchezo wenyewe umeingizwa katika orodha ya Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2026 kule Milano na Cortina, Italia. Jina lake la Kiswahili sijalipata kwenye kamusi yoyote. Mimi nimeuita "kupanda kwa mbao", na mwenye jina bora alete, chama kiko wazi.

"Lakini hayo ni mambo ya Ulaya," mtaniambia. La hasha! Mwaka wa 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kilimanjaro wakiwa na mbao hizo hizo na kuteleza nazo kwenye barafu ya Kibo. Hapa kwetu Afrika Mashariki, kwenye volkano, karibu na ikweta, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Leo kuna barafu kule juu inayoitwa jina la Furtwängler. Nami hujiuliza ni nani aliyezibeba zile mbao kupitia msituni. Jina lake halikupewa barafu yoyote. Angalau wa safari ya kwanza, ile ya Hans Meyer na Ludwig Purtscheller ya mwaka 1889, tunatajiwa kiongozi wao: Yohani Kinyala Lauwo, Mchaga wa Marangu.

Na kama mnataka Mkenya juu ya mbao, tunaye. Philip Boit, mtu wa Bonde la Ufa, alikuwa mkimbiaji. Theluji aliiona mara ya kwanza Finland mwaka wa 1996, na mwaka wa 1998 akaiwakilisha Kenya kule Nagano, Japani, katika mbio za kilomita kumi. Alifika wa mwisho, dakika ishirini nyuma ya mshindi. Mshindi mwenyewe, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngojea mwishoni mwa njia akamkumbatia. Boit alipopata mtoto wa kiume akampa jina la Dæhlie. Kisha 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyelelewa Austria, akateremka milima ya Korea Kusini kwa bendera yetu. Kwa hiyo anayesema Mkenya na theluji ni maji na mafuta, amechelewa.

Tena, sisi wenyewe ni watelezaji wa kuzaliwa. Ni nani hapa hakuwahi kukalia jerikeni lililopasuliwa, mvua ikiwa imelowesha udongo, akateremka mpaka kwenye mahindi ya jirani? Mimi nilichapwa kwa ajili hiyo mara mbili. Suruali ndiyo iliyonisaliti.

Turudi kwenye kura. Nilipewa dakika tano kutetea hoja yangu nikazitumia vibaya. Nilianza na takwimu, na mwanachama mwenye njaa hasikilizi takwimu. Waliosimama kunipinga walisema mambo matatu au manne, na yanastahili jibu.

Walisema kwanza ni hatari. Kweli. Mlima Kenya umeua watu, na si kwa kuanguka tu. Lenana ni mita 4,985, na hewa unayoivuta pale ina zaidi kidogo ya nusu ya oksijeni unayoipata pwani. Kichwa kinauma, tumbo linakataa chakula, na asiyesikia dalili hizo anaweza kujaa maji mapafuni au kwenye ubongo. Dawa ya kwanza ni kuteremka, dawa ya pili ni kutokimbilia juu tangu mwanzo. Waongozaji husema "pole pole" mpaka watalii wanalijua neno hilo kabla ya "asante". Lakini sikuomba chama kizima kifike Lenana. Niliomba basi la shule litupeleke Naro Moru, tupande msituni hadi kituo cha hali ya hewa kilicho mita 3,050, tulale, turudi. Hiyo si hata nusu ya safari ya Mombasa. Asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajajifunika, vilele vyote mnaviona mkiwa barabarani. Wale wa Lenana tutaendelea siku zetu, na mwongozaji, na barua za wazazi.

Pili walisema ni ghali. Hapo sina ujanja mwingi. Kiingilio cha mbuga kipo, mwongozaji hulipwa, na nguo za baridi hatuna. Lakini nitawapa kisa kimoja. Mwaka wa 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walikuwa na kambi ya mateka wa Kiitaliano Nanyuki. Mateka mmoja, Felice Benuzzi, kila alipoukodolea macho mlima aliona hana raha. Akawatafuta wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Miezi kadhaa walijinyima chakula wakiweka akiba. Walitengeneza vyuma vya kukanyagia barafu kutokana na vyuma chakavu, na kamba kutokana na zile za vitandani. Ramani hawakuwa nayo. Walikuwa na picha ya mlima iliyochapwa kwenye karatasi ya mkebe wa chakula! Wakatoroka, wakapanda, Batian ikawashinda, wawili kati yao wakafika Lenana wakasimika bendera yao. Kisha wakashuka wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe na kuadhibiwa. Mateka wenye njaa, na mkebe. Sisi tuna basi.

La tatu ndilo lililonichoma. Mwanachama mmoja, simtaji, alisema mtu wa Ngoliba akitafuta maji hafikirii theluji. Mahindi yetu yanakauka msimu mmoja kati ya miwili, wanawake wanapanga mitungi, halafu huyu anataka kwenda kutazama barafu? Watu wakapiga makofi. Nilikaa chini.

Nimelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu, nami sitadanganya ili nishinde. Barafu ya Mlima Kenya haitupi maji sisi. Athi yetu inatoka nyanda za juu za Nairobi na Kiambu. Mto Thika unatoka Nyandarua. Hata mito inayotoka Mlima Kenya wenyewe inategemea zaidi mvua na msitu kuliko barafu, kwa sababu barafu imebaki kidogo mno. Kwa hiyo anayewaambia kwamba barafu ikiisha mabomba ya Thika yatakauka, anawatisha bure. Msitu ukiisha, hapo ni kilio.

Lakini yule mwenzetu alisema kana kwamba barafu ni habari nyingine na ukame ni habari nyingine. Hapo ndipo tunapoachana. Wataalamu wanaeleza kwamba barafu za milima hii zilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, hali ya hewa ilipogeuka kuwa kavu na theluji ikapungua. Kisha joto la dunia likaja kumalizia kazi. Kunyimwa mvua na kuchomwa na joto, hayo ndiyo mahindi ya Ngoliba yanayoyajua. Tofauti ni kwamba mahindi unayapanda tena.

Na sasa hesabu, maana sitaki mseme nimeongeza chumvi. Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian mwaka wa 1899, mlima ulikuwa na mito ya barafu 18. Kadhaa imetoweka kabisa. Mkubwa kuliko yote, unaoitwa Lewis, ulipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, kisha ukakatika vipande viwili. Kilimanjaro, tangu ule mwaka wa 1912 wa akina Furtwängler hadi 2007, eneo la barafu lilipungua kwa asilimia 85. Mwaka wa 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba mambo yakiendelea hivi, barafu ya Mlima Kenya inaweza kwisha katika miaka ya 2030. Sisi, kundi la mwisho la 8-4-4, tutafanya KCSE mwaka wa 2027. Fanyeni hesabu wenyewe. Wengi wetu tutakuwa hatujafika miaka thelathini.

Kule Bolivia walikuwa na mlima uitwao Chacaltaya, zaidi ya mita 5,000, ambapo watu waliteleza kwa mbao kwa miaka mingi; walijenga hata nyumba ya kupumzikia na mtambo wa kuwavuta watelezaji juu. Mwaka wa 2009 barafu ikaisha. Nyumba ikabaki juu ya mawe.

Kwa hiyo kupanda kwa mbao hapa kwetu, ile ndoto ya picha ya maktabani, mimi nimeiaga. Kilichobaki pale Lewis ni ubao wa kijivu wenye changarawe. Hata ukipewa mbao za dhahabu huna pa kutelezea. Sikuomba kuteleza. Naomba tukaguse.

Kuna jambo ambalo sikulisema siku ya kura kwa sababu nilijua litachekwa, na maandishi hayana aibu. Nyanya yangu alinihadithia kwamba wazee wa zamani walipoomba walisimama wakielekea Kirinyaga. Yeye mwenyewe akiwa msichana, akienda kuchota maji alfajiri, aliutafuta ule weupe kwa macho kama mtu anayetafuta taa ya nyumbani. Siku hizi haoni vizuri. Kila tukikaa nje asubuhi huniuliza, "Leo umejifunua?" Nami humwambia ukweli, umejifunua ama haujajifunua. Lakini nikimwambia umejifunua huongeza swali: "Na ni mweupe?" Hapo ndipo ulimi wangu huwa mzito.

Rafiki yetu wa tatu ni Mkamba wa ng'ambo ya Athi, naye kwao husimulia kwamba jina la mlima linatokana na mbuni. Mbuni dume ni mweusi mwenye manyoya meupe, na mlima nao ni mwamba mweusi wenye mabaka meupe. Krapf alilisikia jina hilo Ukambani, akaliandika alivyolisikia, na kutoka hapo likawa Kenya, la mlima kwanza, la nchi baadaye. Hebu fikirini nanyi wana wa Kiswahili, nyinyi mnaopenda kujua asili ya kila neno. Manyoya meupe yakiisha, jina litabaki limemshika nani? Desemba 1963, bendera ilipopanda uwanjani Nairobi, kijana Kisoi Munyao alikuwa amepanda na nyingine mlimani, kwenye baridi hiyo. Hakuna aliyemwambia hayo ni mambo ya wazungu.

Niliahidi kueleza kura ya nne. Mmoja wetu, yule aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono tulipoapa Kilimambogo, hayuko shuleni tena. Karo ilimshinda muhula wa kwanza. Sasa anachonga mawe ya kujengea kule Ndarugo, na mikono yake imekuwa kama magome ya mti. Tulikwenda kumtembelea Jumapili moja, tukidhani tutamkuta na huzuni. Akatuuliza, "Mkebe uko?" Tuna mkebe wa mafuta ya kupikia tulioutoboa kifuniko, ndiyo benki yetu. Akatia shilingi mia mbili. Mimi nilikuwa nimetia arobaini tangu Januari. Kila mwisho wa mwezi hutuma zake, na hajawahi kukosa, ilhali sisi tulio darasani tunapiga hesabu za mandazi.

Mama, kusema kweli, bado hajakubali. "Baridi ya Julai tu inakulaza na sweta mbili," ameniambia, "utaiweza ya huko?" Nimemjibu kwamba nitavaa tatu. Ameguna. Kuguna si kukataa.

Ombi langu kwa chama, basi, ni hili. Mombasa twendeni, mmeshinda kihalali, na mimi nitakuwa kiti cha mbele nikiimba. Lakini katika mkutano wa kwanza wa mwaka ujao hoja ya Naro Moru irudishwe mezani, na safari hii tuisikilize baada ya chakula cha mchana, si kabla. Mwalimu mlezi amesema hana pingamizi iwapo watapatikana wanachama ishirini na ruhusa ya wazazi. Karatasi ya majina nimeibandika kando ya mlango wa maktaba. Mpaka gazeti hili linapokwenda kwa mchapaji ina majina saba, na moja la hayo limeandikwa na mtu aliyepiga kura ya Mombasa kwa mikono miwili. Mkebe uko kwa jirani yangu wa dawati. Mwenye glavu kuukuu, soksi za sufi, ama shangazi anayeishi Naro Moru, anitafute wakati wa chai.